Amedeo Avogadro: Mwanasheria Aliyewafundisha Wanakemia Kuhesabu Wasichokiona

Na Mwandishi Wetu

Mwanafunzi wa sekondari anayesoma kemia hafiki mbali kabla ya kukutana na namba ya Avogadro. Huikariri, huitumia kukokotoa moli za maji au za chumvi, kisha huendelea na somo. Ni wachache wanaoambiwa kwamba mwenye jina hilo hakuwahi kuipata namba hiyo, na kwamba shahada yake ilikuwa ya sheria.

Amedeo Avogadro alizaliwa tarehe 9 Agosti 1776 katika mji wa Turin, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Italia, katika ukoo wa makabaila wenye desturi ya kuingia katika kazi ya sheria. Naye alifuata njia hiyo, na mwaka 1796, akiwa na umri wa miaka 20, alitunukiwa udaktari wa sheria za Kanisa. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka michache tu. Kuanzia mwaka 1800 hivi alijifunza hisabati na fizikia kwa juhudi zake mwenyewe, na ilipofika mwaka 1809 alikuwa mwalimu katika mji wa Vercelli.

Wakati huo kemia ilikuwa imekwama mahali pagumu. Ilijulikana kwamba gramu 1 ya hidrojeni huungana na gramu 8 hivi za oksijeni kufanya maji. Lakini je, atomu ya oksijeni ina uzito mara ngapi ya ile ya hidrojeni? Ikiwa maji yana atomu moja ya kila aina, kama alivyodhani Mwingereza John Dalton, jibu ni 8. Ikiwa hidrojeni ni mbili kwa oksijeni moja, jibu ni 16. Mizani peke yake haiwezi kuamua, kwa kuwa hupima uzito wala haihesabu atomu. Na jibu hilo likikosewa, karibu kila hesabu ya kemia inayofuata hupotoka nalo.

Avogadro aliona kwamba ufunguo ulikuwa katika gesi. Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alikuwa ameonyesha kuwa vibaba viwili vya hidrojeni vikiungana na kibaba kimoja cha oksijeni, hupatikana vibaba viwili vya mvuke wa maji. Mwaka 1811 Avogadro alichapisha makala katika jarida la fizikia la Ufaransa akipendekeza kwamba gesi zozote zenye ujazo sawa, katika halijoto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Kwa hiyo kibaba kimoja cha oksijeni kilikuwa kimetoa molekuli za maji mara mbili ya idadi yake yenyewe, na kila moja ya hizo ina oksijeni ndani yake. Haiwezekani, isipokuwa kila molekuli ya oksijeni imegawanyika katika nusu mbili. Akahitimisha kwamba oksijeni katika hali ya gesi hutembea jozi jozi, na hidrojeni vivyo hivyo.

Kutokana na hapo hesabu inakuwa nyepesi. Kibaba cha oksijeni kikiwa kizito mara 16 hivi ya kibaba cha hidrojeni, basi na molekuli moja ni nzito kwa kiasi hicho hicho. Kwa vipimo vya siku zake, Avogadro alipata kitu kidogo zaidi ya 15. Pungufu hiyo ilitokana na vipimo. Hoja yake ilikuwa sahihi.

Hata hivyo haikupokelewa. Dalton hakukubali kwamba ujazo sawa una idadi sawa ya chembe. Jöns Jacob Berzelius wa Sweden, ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa, alifundisha kwamba atomu huungana kwa mvuto wa chaji za umeme zinazopingana. Kwa mtazamo huo atomu mbili za aina moja zingesukumana. Isitoshe, Avogadro aliishi mbali na Paris na London, na hakuwa na sifa ya ufundi wa maabara.

Maisha yake mengine yalikuwa ya mtumishi wa umma. Mwaka 1820 alipewa kiti cha fizikia ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Turin, lakini baada ya machafuko ya kisiasa ya mwaka 1821 kiti hicho kilifutwa, naye akakirudia mwaka 1834 na kukishika hadi 1850. Serikali ilimtumia katika masuala ya takwimu, hali ya hewa na elimu, na alishiriki kuingiza vipimo vya metriki katika jimbo la Piedmont. Yeye na mkewe, Felicita Mazzé, walijaliwa watoto sita. Alifariki tarehe 9 Julai 1856.

Gharama ya kutomsikiliza ilikwisha kuonekana. Mjerumani August Kekulé aliorodhesha fomyula 19 tofauti zilizopendekezwa kwa asidi moja tu, ile inayofanya siki iwe kali. Septemba 1860 wanakemia wa Ulaya wakakutana Karlsruhe kutafuta suluhu. Huko Mwitaliano Stanislao Cannizzaro aliitetea hoja ya Avogadro, na kijitabu chake kikagawiwa kwa wajumbe. Miongoni mwao alikuwamo kijana kutoka Urusi, Dmitri Mendeleev, ambaye mwaka 1869 alitoa jedwali la elementi kwa kutumia uzito wa atomu uliosahihishwa.

Namba yenyewe ilikuja baadaye. Mwaka 1865 Josef Loschmidt wa Austria alikadiria ukubwa wa molekuli za hewa, na mwaka 1909 Mfaransa Jean Perrin akapendekeza idadi ya molekuli katika moli moja iitwe kwa jina la Avogadro. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo haipimwi tena, imewekwa kwa makubaliano ya kimataifa: moli moja ni chembe 602,214,076,000,000,000,000,000, ambayo kwa maji ni takriban gramu 18.