Jaji Hugo Black na Kadi ya Chama

Wengi wetu tuliopita shule hii tulikuwa wanachama wa klabu moja au nyingine, na tulipopata kazi tukaingia nyingine. Kwa jaji jambo hilo si dogo. Ndiyo maana napenda kuwaeleza, hasa vijana mlio madarasani sasa, habari za Hugo Black wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 27 Februari 1886 katika jimbo la Alabama. Alisomea sheria, akawa hakimu wa mahakama ya polisi mjini Birmingham, kisha wakili. Alipenda sana vyama. Mwaka 1923 alijiunga na Ku Klux Klan, chama cha siri cha Wazungu kilichowatisha na kuwaua watu weusi. Wapo wanaosema ulikuwa ujana. Mtu wa miaka 37 si kijana. Mwenyewe baadaye alieleza kuwa raia wengi walioketi mahakamani kuamua kesi walikuwa wanachama, naye alitaka kushinda. Alijiuzulu mwaka 1925, na mwaka uliofuata akachaguliwa seneta, akisaidiwa na kura za watu wale wale.

Mwezi Agosti 1937 Rais Franklin Roosevelt alimteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Juu. Seneti ilimkubali kwa kura 63 dhidi ya 16. Minong'ono ilikuwapo, lakini yeye alinyamaza. Kabla mwezi haujatimia, mwandishi Ray Sprigle akaanika ushahidi gazetini. Tarehe 1 Oktoba Black akazungumza redioni: alikiri kuwa aliingia, akasema alitoka zamani. Hakuomba radhi.

Hapo ndipo ninapomlaumu. Mtu mweusi aliyepeleka rufani yake kule angejuaje kama kadi ile ilirudishwa kwa moyo?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1940, Black alipoandika hukumu iliyowanusuru na kifo watu weusi 4 wa Florida waliohojiwa siku kadhaa mpaka wakakiri. Mwaka 1954 alikuwa mmoja wa majaji 9 waliokataza kwa kauli moja ubaguzi katika shule za serikali; kwao Alabama wakamwona msaliti. Lakini mwaka 1944 ni yeye aliyeandika hukumu ya kuhalalisha kuhamishwa kwa nguvu raia wenye asili ya Japani.

Alistaafu tarehe 17 Septemba 1971, akafariki siku 8 baadaye. Huko Marekani majaji wengine waliendelea kucheza gofu katika klabu zisizopokea weusi, Wayahudi wala wanawake. Mwaka 1990 ndipo chama cha wanasheria wa nchi hiyo kilipoandika, katika kanuni zake za mfano, kwamba jaji asiwe mwanachama wa klabu inayobagua watu kwa rangi, jinsia, dini au asili.