Donald Bailey: mpenzi wa madaraja madogo aliyeacha jina lake juu ya mito ya Kongo

Wakaaji wa kartiye Kasenga, mjini Uvira, wanajua thamani ya daraja. Mji wao umelala kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na mito inayoshuka kutoka juu, kama vile Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, inaukata vipande vipande kabla ya kuingia ziwani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi. Watu walipoteza maisha, na Kasenga ilikuwa miongoni mwa kartiye zilizoumia. Siku kama hizo, dereva wa lori, mama muuza samaki na mgonjwa anayepelekwa hospitali wote wana swali moja: tutavukia wapi?

Sehemu nyingi za Kongo, jibu la swali hilo limekuwa daraja la chuma linaloitwa Bailey. Wafanyakazi wa Office des Routes wanalijua, na madereva wa Fuso wanalitambua kwa sauti ya mbao zake wanapopita juu. Wasiojulikana sana ni mtu mwenyewe. Bailey ni jina la mhandisi Mwingereza ambaye burudani yake ilikuwa kutengeneza madaraja madogo, ya kuwekwa juu ya meza.

Kijana wa mji wa chuma

Donald Coleman Bailey alizaliwa tarehe 15 Septemba 1901 huko Rotherham, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka huohuo, katika mji wa Liverpool, karani wa hesabu aitwaye Frank Hornby alipata hati ya uvumbuzi wa mchezo wa watoto. Ulikuwa vipande vya bati vyenye matundu yaliyopangwa kwa nafasi sawa, vinavyofungwa kwa bulo na ekru. Mchezo huo ukaja kuitwa Meccano, na baadaye Hornby akatengeneza pia treni ndogo za watoto pamoja na stesheni, mahandaki na madaraja yake. Watoto wa kizazi cha Bailey walikua wakiona kwamba vipande vyenye kipimo kimoja vinaweza kuwa daraja leo na winchi kesho.

Bailey alisoma Cambridge katika shule ya The Leys, kisha akamaliza masomo ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 1923. Hakuanza kwa cheo kikubwa. Alifanya kazi katika kiwanda cha chokoleti cha Rowntree mjini York, akapita katika kampuni ya reli ya London, Midland and Scottish, kisha katika ofisi ya wahandisi wa mji wa Sheffield. Mwaka 1928 aliingia katika kituo cha jeshi cha kujaribia madaraja huko Christchurch, kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Alikuwa raia, mtumishi wa serikali anayelipwa mshahara, kati ya wanajeshi.

Somo la daraja la mezani

Anayetengeneza daraja dogo, liwe la treni ya watoto au la majaribio, hujifunza mambo ambayo mchoro peke yake hauonyeshi. Ukifunga vijiti vinne kwa umbo la mraba na kuusukuma upande mmoja, mraba unalala. Ukiongeza kijiti cha tano kutoka pembe hadi pembe, unasimama imara. Ndiyo sababu madaraja ya chuma yamejaa pembetatu.

Lakini daraja dogo linaweza pia kudanganya. Ukikuza vipimo vyake vyote mara 10, uzito wake unaongezeka mara 1,000, huku eneo la chuma kinachobeba uzito huo likiongezeka mara 100 tu. Daraja la vijiti linaloonekana la kweli kabisa juu ya meza, likikuzwa hivyohivyo, linaweza kupinda kwa uzito wake lenyewe kabla gari halijapita. Kwa hiyo modeli ilimpa Bailey wazo, lakini hesabu na majaribio ya daraja zima havikuepukika.

Katika miaka ya 1930 Bailey aliwaonyesha wakubwa wake wazo la daraja la vipande vinavyofanana. Hawakulipa uzito. Madaraja ya jeshi yaliyokuwapo yalionekana kutosha. Kisha vita vya pili vya dunia vikaanza mwaka 1939, na vifaru vikawa vizito mwaka hadi mwaka, hata kukaribia tani 40. Madaraja ya zamani yakashindwa. Husimuliwa kwamba Bailey alichora wazo lake nyuma ya bahasha akiwa garini, wakitoka kwenye jaribio la daraja jingine lililoshindwa. Safari hii alisikilizwa. Mwaka 1941 daraja la kwanza la ukubwa kamili lilijaribiwa Christchurch, na kabla ya mwaka huo kwisha vikosi vilianza kupewa madaraja hayo.

Kipande kinachobebwa na watu sita

Siri ya daraja hilo ni kipande kimoja kinachoitwa paneli. Ni kama fremu ya mlango iliyolazwa ubavu, yenye urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1.5, na ndani yake vyuma vimekingamana. Uzito wake ni karibu kilo 260, mzigo ambao watu sita wanaweza kuubeba kwa mikono. Vipande vyote vya daraja vinaingia katika lori la kawaida.

Paneli moja inashikana na nyingine kwa pini nene za chuma. Mto ukiwa mpana au mzigo ukiwa mzito, hauhitaji kutengeneza daraja jipya. Unaongeza safu ya pili au ya tatu ya paneli ubavuni, au unapandisha safu nyingine juu. Kati ya kuta hizo mbili hulazwa mihimili ya kukingama, kisha mbao za kupitia magari.

Kulivusha kwenyewe hakuhitaji winchi, wala mtu kusimama katikati ya maji. Daraja linaungwa kwenye ukingo mmoja, juu ya rola. Mbele yake hufungwa pua ya paneli tupu, isiyo na mbao. Kwa kuwa nyuma ni kuzito kuliko mbele, watu wanalisukuma polepole juu ya mto na halipinduki. Pua ikifika ng'ambo inafunguliwa, na daraja linashushwa kwa jeki mpaka likae mahali pake. Likihitajika kwingine, linafunguliwa na kuhamishwa.

Kwa sababu vipande vilikuwa rahisi, viwanda vingi viliweza kuvitengeneza, hata vile ambavyo havikuwahi kushughulika na madaraja. Sharti lilikuwa moja: vipimo visitofautiane, ili paneli ya kiwanda kimoja iingie sawasawa katika paneli ya kiwanda kingine.

Kutoka Tunisia hadi Ulaya

Daraja la Bailey lilitumiwa vitani kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, nchini Tunisia, mwishoni mwa mwaka 1942. Huko Italia, ambako Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walivunja karibu kila daraja, majeshi ya washirika yalijenga takriban 3,000. Moja lililowekwa juu ya mto Sangro lilikuwa na urefu wa mita 343. Wamarekani nao walilichukua na kulitengeneza kwao.

Mwaka 1946 mfalme wa Uingereza alimpa Bailey cheo cha Sir. Tume ya serikali iliyowalipa wavumbuzi ilimpa pauni 12,000. Tume hiyo ilitambua pia kwamba hakuanzia penye utupu. Jenerali Giffard Martel, aliyebuni daraja la vipande miaka mingi kabla yake, alilipwa pauni 500 kwa sababu wazo lake lilitumika ndani ya lile la Bailey. Naye Archibald Hamilton wa New Zealand, aliyejenga barabara katika milima ya Iraki, alikuwa tayari na daraja lake la vipande kabla ya vita. Bailey alichofanikisha ni kupata kipande chepesi cha kutosha kubebwa na watu na chenye nguvu ya kutosha kubeba kifaru.

Baada ya vita aliendelea na kazi ileile Christchurch na akaja kuwa mkurugenzi wa kituo hicho. Miaka ya 1960 alikuwa mkuu wa masomo katika chuo cha sayansi cha jeshi huko Shrivenham, hadi alipostaafu mwaka 1966.

La muda lililogeuka la kudumu

Bailey alibuni daraja la kuvusha jeshi na kuondolewa. Katika nchi zenye barabara chache na mvua nyingi, Kongo ikiwemo, lilibaki kwa miaka na miaka, likibeba mihogo, samaki, saruji na abiria. Hapo ndipo ubora wake unapogeuka kuwa udhaifu. Kinachofungwa kwa mkono kinafunguliwa pia kwa mkono. Pini ikiibwa au kulegea, au ubao ukioza bila kubadilishwa, mzigo unahamia kwenye vipande vingine ambavyo havikuhesabiwa kuubeba. Lori linalozidisha tani zilizoandikwa kwenye kibao cha kuingilia linaweza kufika ng'ambo leo, huku likipinda chuma ambacho kitakatika siku gari jingine linapopita. Na daraja hilo, kama jingine lolote, linategemea kingo zake. Mto ukila udongo chini ya miguu yake, paneli nzima hazitasaidia.

Sir Donald Bailey alifariki tarehe 4 Mei 1985 huko Bournemouth, si mbali na Christchurch, akiwa na umri wa miaka 83. Katika bwawa la Stanpit, karibu na kituo alichofanyia kazi, daraja moja la majaribio ya mwanzo lingali limesimama juu ya mkono mdogo wa maji. Watu wanaotembea kwa miguu wanalitumia bado kuvuka.