Mtakatifu Yohane Gualberto, Mtunza Msitu

Kila tarehe 12 Julai tunamkumbuka Mtakatifu Yohane Gualberto, mtoto wa familia ya kikabaila ya Firenze, Italia. Mapokeo yasimulia kwamba siku ya Ijumaa Kuu alikutana njiani na muuaji wa ndugu yake. Yule mtu, akikosa pa kukimbilia, alinyosha mikono mfano wa msalaba. Yohane akashusha upanga, akamsamehe, kisha akaingia utawani. Baadaye, akichukizwa na ununuzi wa vyeo vya Kanisa, alihamia milimani Vallombrosa na kuanzisha jumuiya mpya. Alifariki mwaka 1073. Wamonaki wake walipanda na kutunza miti kizazi baada ya kizazi. Msitu ungalipo, na ndege wangali wakiimba humo. Mwaka 1951 Papa Pio XII alimtangaza msimamizi wa watunza misitu wa Italia.

Sisi tunaojitolea kupanda miti, mara nyingine tunangoja shukrani. Lakini ndege atakayejenga kiota katika mche wetu hatatujua kamwe. Kusamehe nako ndiko huko: kutoa bila kudai. Mtakatifu Yohane Gualberto, utuombee.