Isaac Newton, Mwindaji wa Sarafu za Ghushi

Ukilitaja jina la Isaac Newton mbele ya wanafunzi, wengi watakutajia tofaa lililoanguka mtini na zile kanuni tatu za mwendo ambazo hututoa jasho katika somo la fizikia. Hayo tuwaachie walimu wa sayansi. Mimi nataka kukusimulia upande wa pili wa mzee huyu, upande ambao vitabu vyetu vya shule huupita mbio. Kwa takriban miaka 31 ya mwisho ya maisha yake, kazi yake kubwa haikuwa ualimu. Ilikuwa kulinda sarafu za Uingereza na kubainisha ipi ni ya halali na ipi ni ya ghushi. Na kwa ajili ya kazi hiyo kuna watu walionyongwa.

Newton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka wa 1642, kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati ule, katika kijiji cha Woolsthorpe, jimbo la Lincolnshire. Babake, mkulima asiyejua kuandika hata jina lake, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Mtoto mwenyewe alizaliwa kabla ya siku zake, tena kadogo kiasi kwamba hapakuwa na aliyetarajia angeishi. Alipofika umri wa miaka 3, mamake akaolewa na kasisi mmoja mzee, akahamia kwa mumewe, naye mtoto akaachwa kwa nyanya. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Akawa mtu msiri, mwenye kinyongo, asiyesamehe upesi. Nakuomba uishike tabia hiyo, kwa maana tutakutana nayo tena huko mbele.

Mwaka wa 1661 aliingia Trinity College, Cambridge. Karo ilikuwa shida, kwa hivyo alisoma huku akiwatumikia wenziwe matajiri, kama mtumishi wa nyumbani hivi. Mwaka wa 1665 tauni ilipozuka chuo kilifungwa, akarudi kijijini, na huko ndiko alikoanza kuwaza yale mambo makubwa ya mwanga, hesabu na mvutano wa dunia. Mwaka wa 1669 akawa profesa wa hisabati akiwa na umri wa miaka 26 tu. Kitabu chake kikuu, Principia, kikatoka mwaka wa 1687. Nayapita haya haraka kwa kuwa yanajulikana.

Lisilojulikana sana ni kwamba huko Cambridge Newton alikuwa na tanuri lake mwenyewe. Kwa miaka na miaka alikesha akiyeyusha risasi, shaba, zebaki na madini mengine, akitafuta ile siri ya wataalamu wa kale walioamini kwamba metali duni yaweza kugeuzwa kuwa dhahabu. Dhahabu hakuipata, kama ambavyo hakuna aliyepata kuipata kwa njia hiyo. Lakini hebu fikiria: mtu aliyekesha miaka yote hiyo akijaribu kutengeneza dhahabu, ni nani atakayemdanganya kwa shaba iliyopakwa rangi?

Basi mwaka wa 1696 rafiki yake Charles Montagu, aliyekuwa waziri wa fedha, akamtafutia cheo cha Msimamizi wa Kiwanda cha Sarafu cha Mfalme, ndani ya ngome ya Tower huko London. Cheo hiki kilikuwa cha kula tu. Waliomtangulia walipokea mshahara wakaenda zao. Newton, kumbe, alifika kazini kweli.

Hali aliyoikuta ilikuwa mbaya. Sarafu za zamani za fedha zilikuwa zimefuliwa kwa nyundo, kingo zake hazikuwa sawa, na watu walikuwa wakizikata pembeni kidogo kidogo kwa mkasi. Vipande wakaviyeyusha, sarafu iliyopunguzwa wakaitumia sokoni kwa thamani ile ile. Tangu mwaka wa 1662 kulikuwa na sarafu za mashine, zenye alama ukingoni ili mtu akikata ijulikane. Mashine ya kutia alama hizo ilikuwa siri ya serikali, na walioiendesha waliapishwa wasiitoboe. Serikali ikaamua sarafu zote za zamani za fedha zikusanywe, ziyeyushwe, zipigwe upya. Farasi walizungusha mashine, watu wakafanya kazi tangu saa kumi alfajiri hadi saa sita usiku. Viwanda vidogo vikafunguliwa katika miji mitano mingine, na rafiki yake Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, akapewa nafasi katika kile cha Chester.

Kwa upande wa dhahabu, sarafu kuu ilikuwa gini, iliyoanza kupigwa mwaka wa 1663. Jina hilo si la Kizungu. Ni la pwani ya Guinea, huku kwetu Afrika upande wa magharibi, ambako kampuni ya kifalme ilileta dhahabu, na gini nyingi zilizotokana na dhahabu hiyo zilitiwa alama ya tembo chini ya kichwa cha mfalme. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyosafirisha watumwa. Nimelitaja kwa kuwa tukisoma sifa za dhahabu safi ya Uingereza, ni vizuri tujue ilikotoka.

Sasa, sheria ilimpa Msimamizi jukumu la kuwasaka wapiga sarafu bandia. Kosa hilo lilikuwa uhaini. Mwanamume alinyongwa, na mwanamke sheria ilisema achomwe moto. Mwanzoni Newton aliiandikia serikali akiomba aondolewe mzigo huo. Akakataliwa. Alipoona hana njia, akaushika kwa mikono miwili. Akateuliwa hakimu katika majimbo yanayouzunguka mji wa London, akawaajiri wapelelezi, akaingia vilabuni na magerezani akiwahoji watu. Kati ya katikati ya mwaka wa 1698 na mwisho wa 1699 alihoji washukiwa na mashahidi zaidi ya mara 100. Profesa wa hisabati huyo!

Adui yake mkubwa alikuwa William Chaloner. Jamaa huyu alikuwa mwana wa mfumaji nguo, akafunzwa kutengeneza misumari mjini Birmingham, akaja London bila senti. Huko alijifunza kupaka vitu rangi ya dhahabu, akapata ushirika na sonara mmoja, na muda si muda akawa anatoa gini za ghushi zilizopita sokoni bila wasiwasi. Akanunua nyumba nzuri, akavaa kama bwana mkubwa. Wenzake waliposhikwa, yeye alijiokoa kwa kuwataja wengine.

Lakini alizidisha. Mwaka wa 1697 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge akadai kwamba wakuu wa Kiwanda hawajui kazi, na kwamba yeye ana ujuzi wa kutengeneza sarafu ambazo haziwezi kughushiwa. Alichotaka ni kuruhusiwa aingie ngomeni aguse mashine. Mwizi anaomba ufunguo wa ghala ili aonyeshe kitasa kibovu! Bunge lilielekea kumsikiliza. Newton akakataa katakata, akisema kiapo cha siri hakimruhusu.

Hapo ndipo kile kinyongo nilichokutajia kilipoamka. Newton alianza kukusanya ushahidi taratibu, kama mtu anayefanya jaribio la maabara. Akawatafuta washirika wa zamani wa Chaloner, wake zao na wapenzi wao, akaandika maelezo ya kila mmoja. Chaloner alipotiwa Newgate, Newton aliweka watu ndani ya gereza hilo hilo wamsikilize akiropoka. Kesi ilisikizwa Machi 1699. Chaloner alijaribu kujifanya mwendawazimu, haikufaa. Baada ya hukumu akamwandikia Newton barua za kuomba aokolewe, barua za mtu anayezama. Newton hakumjibu. Mwezi huo huo Chaloner akanyongwa Tyburn.

Mimi, nikisoma habari hii, huwa sijui nisimame wapi. Chaloner alikuwa mwizi, na pesa zake bandia ziliishia mikononi mwa maskini ambao hawakuwa na namna ya kuzipima. Lakini mtu kufa kwa ajili ya vipande vya metali, na mjuzi mkubwa kama huyo kunyamaza kimya, linanikaa kooni.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1699 Newton akapandishwa cheo akawa Mkuu wa Kiwanda. Sasa mambo yakageuka: badala ya kupima sarafu za wengine, zake ndizo zikapimwa. Kulikuwa na desturi ya tangu kale kwamba sarafu chache za kila toleo hutiwa ndani ya sanduku, na baada ya muda jopo la masonara huzijaribu. Jaribio lenyewe ni hili. Kipande cha dhahabu hupimwa uzito, huongezwa fedha, hufungwa ndani ya risasi, huwekwa katika kikombe kilichofinyangwa kwa majivu ya mifupa, na kutiwa tanurini. Risasi ikiyeyuka huchukua shaba na takataka nyingine, na kikombe huzinywa zote. Hubaki kitone cha dhahabu na fedha. Kitone hicho hufuliwa kikawa chembamba, kikachemshwa katika tindikali inayokula fedha na kuiacha dhahabu peke yake. Kisha mizani husema. Gini ya halali ilipaswa kuwa ya karati 22, yaani sehemu 22 za dhahabu kati ya 24.

Mwaka wa 1710 masonara wakatangaza kwamba dhahabu ya Newton imepungua ubora. Heshima yake yote ilikuwa hatarini, maana Mkuu ndiye aliyetia sahihi mkataba na ndiye angetozwa. Newton hakuomba msamaha. Aliuliza: imepungua ukilinganisha na nini? Masonara walitumia bamba la mfano lililotengenezwa mwaka wa 1707. Akafanya majaribio yake, akaandika hoja baada ya hoja kuonyesha kwamba sarafu ni sawa, ila bamba lenyewe lilisafishwa kupita kiasi. Mwishowe lile bamba la 1707 likawekwa kando, likarudishwa la 1688. Kwangu mimi hiki ndicho kisa kitamu kuliko vyote, kuliko hata cha Chaloner. Mtu akikuambia dhahabu yako si safi, nawe una haki ya kuipima mizani yake.

Swali hilo nililiona likifanya kazi mwaka jana. Gini ilirithiwa na pauni ya dhahabu, iliyoanza kupigwa mwaka wa 1817, yenye karati 22 zile zile na uzito wa gramu 7.98. Pauni hizi zilifika mpaka pwani yetu, na wako akina mama waliozivaa mkufuni. Nyanya yangu alimwachia mjomba moja, ya mwaka wa 1911, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano. Mjomba alitaka kuiuza alipe karo ya bintiye. Mnunuzi mmoja mjini aliitazama kidogo tu, akamwambia ati ni shaba iliyopakwa, akataka kuichukua kwa bei ya kutupa.

Mwalimu wetu wa fizikia aliturehemu akatufungulia maabara. Tuliipima ikawa gramu 7.98. Tukaweka bika ya maji juu ya mizani, tukairudisha mizani kwenye sifuri, kisha tukaining'iniza pauni kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Mizani ikaonyesha 0.45, ndio uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya 7.98 kwa 0.45, utapata karibu 17.7, na dhahabu ya karati 22 iko hapo hapo. Kipande cha risasi chenye uzito ule ule kingeonyesha 0.70, na cha shaba karibu 0.9. Jamaa wa bei ya kutupa alikuwa anatafuta mjinga.

Mwalimu hakuturuhusu kushangilia upesi, lakini. Alitueleza kwamba katika karne ya 20 kuna watu waliopiga pauni za ghushi kwa dhahabu halisi, kwa sababu pauni iliuzwa kwa bei iliyopita ya dhahabu iliyomo. Bandia ya namna hiyo maji hayaikamati. Tukachukua lenzi, tukatazama herufi kama zimekolea au zimevimba, kama uso una vishimo vidogo vya kusubiwa, na kama mikato ya ukingoni iko sawasawa. Hatukuona kasoro. Mjomba aliposikia habari hiyo aliuza ndama akalipa karo, pauni akairudisha kabatini.

Tumrudie mzee wetu. Mwaka wa 1703 alichaguliwa rais wa Royal Society, na mwaka wa 1705 Malkia Anne akampa cheo cha Sir. Mwaka wa 1717 aliandika ripoti kuhusu bei ya dhahabu na fedha, na gini ikawekwa shilingi 21. Bei hiyo iliipendelea dhahabu, fedha ikatoroka nchini kwenda kuuzwa ng'ambo, na Uingereza ikajikuta inatumia dhahabu kama msingi wa pesa zake, pengine bila Newton kukusudia hivyo. Ujuzi wake wa pesa haukumwokoa mwaka wa 1720, alipopoteza mali nyingi katika hisa za kampuni ya South Sea.

Alifariki Machi 1727, akiwa bado Mkuu wa Kiwanda, akazikwa Westminster Abbey. Hakuoa wala hakuacha wosia. Mali yake, zaidi ya pauni 30,000, waligawana watoto wa ndugu zake wa kwa mama, wale waliozaliwa na yule kasisi. Cheo chake Kiwandani akakirithi John Conduitt, mume wa mpwa wake. Lile jaribio la sanduku bado linafanywa London kila mwaka.