Karl Imhoff, mhandisi aliyeyapa majitaka muda wa kutulia

Ukiingia katika maabara ya mtambo wa kusafisha majitaka, huenda ukaona vyombo virefu vya kioo au plastiki vimepangwa kwenye kishikio cha mbao. Vina umbo la faneli, ila chini vimezibwa, na ubavuni vina alama za mililita. Chombo hicho huitwa koni ya Imhoff. Wengi wanaokitumia kila siku hawajui Imhoff alikuwa nani. Leo tunamtazama mtu huyo, na sababu iliyofanya kazi yake iwe suala la uhai na kifo.

Karl Imhoff alizaliwa mwaka 1876 mjini Mannheim, kusini magharibi mwa Ujerumani. Alipofikia umri wa kazi, eneo la Ruhr lilikuwa likikua kwa kasi ya kutisha. Migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma vilivuta maelfu ya wafanyakazi, na uchafu wao wote uliishia mitoni. Uchimbaji nao uliifanya ardhi ididimie, kwa hiyo mabomba ya majitaka yaliyofukiwa chini yangepasuka. Mto Emscher ukageuka kuwa mfereji wa wazi wa kinyesi. Mwaka 1901 homa ya matumbo ililipuka mjini Gelsenkirchen, na maji ya kunywa ndiyo yaliyoieneza.

Ushirika wa miji, migodi na viwanda ulikuwa umeanzishwa mwaka 1899 ili kushughulikia mto huo. Imhoff alijiunga nao mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 30.

Tangi la ghorofa mbili

Tatizo alilolikuta tunaweza kulieleza hivi. Majitaka yakitulia tangini, chembe nzito hushuka chini na kuwa tope. Lakini tope likikaa, huoza na kutoa gesi. Mapovu ya gesi hupanda juu yakibeba uchafu ule ule uliokwisha kutua, na maji yanatoka yakiwa machafu tena.

Jibu la Imhoff lilikuwa tangi lenye vyumba viwili, kimoja juu ya kingine. Maji hupita polepole katika chumba cha juu. Sakafu yake imeinama pande mbili kama paa lililogeuzwa, na chini kabisa kuna mwanya mwembamba. Tope huteleza na kudondokea chumba cha chini, ambako huoza taratibu. Mdomo mmoja wa mwanya umevuka chini ya mwingine, hivyo mapovu yanayopanda hukinga hapo na kutolewa pembeni. Hakuna mashine wala injini. Muundo huo ulienea Ulaya na Marekani, na bado unatumika katika baadhi ya miji midogo.

Saa moja ya kusubiri

Lakini utajuaje kama tangi linafanya kazi? Hapo ndipo koni inapoingia. Mpimaji huchota lita moja ya majitaka, huyakoroga na kuyamimina ndani ya koni, kisha huyaacha yatulie. Kwa kawaida husubiri saa moja. Karibu na mwisho huusugua ukuta wa ndani kwa upole kwa kijiti, ili chembe zilizonata nazo zishuke. Ncha ya koni ni nyembamba, kwa hiyo hata tope kidogo sana linasomeka. Maji yanayoingia hupimwa, na yanayotoka hupimwa pia. Tofauti ndiyo kazi iliyofanywa na tangi.

Kipimo hicho husaidia pia kabla ya kujenga. Ukisoma alama kila baada ya dakika chache, utaona uchafu mwingi unashuka mwanzoni, halafu mwendo unapungua. Hapo unajua maji yakae tangini muda gani. Tangi dogo mno hupitisha uchafu. Kubwa mno hula fedha za mji bure.

Tuseme pia kisichopimwa. Koni huonyesha kinachotua tu. Vijidudu vya maradhi na sumu zilizoyeyuka haivioni, na maji yanayoonekana maangavu ndani yake bado yanaweza kuua. Ndiyo maana mitambo mingi ina hatua nyingine baada ya kutuliza maji.

Kutoka tangi hadi ziwa

Kuanzia mwaka 1922 Imhoff aliongoza shirika la kulinda mto Ruhr, unaowapa mamilioni maji ya kunywa. Huko kanuni ile ile aliipeleka mtoni. Mabwawa yalijengwa ili maji yapunguze mwendo na kutua: Hengstey mwaka 1929, Harkort mwaka 1931, kisha Baldeney mjini Essen mwaka 1933. Mwaka 1934, Ujerumani ikiwa chini ya Wanazi, aliondoka katika uongozi huo. Aliendelea na uhandisi, na kitabu chake cha mfukoni kuhusu majitaka ya miji kikatafsiriwa kwa lugha nyingi.

Alifariki dunia mwaka 1965. Emscher wenyewe ulingoja zaidi ya nusu karne baada yake. Migodi ilipofungwa na ardhi kutulia, mabomba makubwa yalizikwa chini, na mwishoni mwa mwaka 2021 majitaka yaliacha kumwagwa mtoni. Samaki na ndege wamerudi.

Nasi tunabaki na swali linalouhusu kila mji unaokua: maji yanayotoka kwetu, nani anayapima kabla hayajamfikia jirani wa chini ya mto?