Williamson na Almasi za Mwadui

Ndugu msomaji wa Matongo, wewe unajua kwamba jiwe laweza kuwa mali. Dhahabu iko hapo hapo Nyamongo. Je, almasi za Mwadui, huko Shinyanga, zilipatikanaje?

John Williamson alizaliwa Kanada mwaka 1907. Alisomea jiolojia, yaani elimu ya miamba. Alipokuja Tanganyika aliajiriwa na kampuni iliyotafuta almasi Mabuki, kusini ya Mwanza. Almasi zilikuwa chache, hazikulipa gharama. Williamson hakuondoka.

Fikiri kidogo. Almasi huumbwa chini sana ardhini. Hupandishwa juu na volkano, ndani ya mwamba wenye umbo kama bomba. Kisha mvua za miaka mingi huzitawanya. Ukiokota moja korongoni, jua kwamba mama yake yupo mahali. Huyo mama ndiye Williamson aliyemtafuta. Alichimbisha vishimo, changarawe zikachekechwa, akachungulia vijiwe vizito vinavyofuatana na almasi. Fedha zilikuwa haba. I. C. Chopra, mwanasheria wa Mwanza, alimsaidia, naye akapata hisa.

Mwaka 1940 mwamba ulionekana Mwadui. Upana wake ni kama hekta 146! Wasukuma wengi walifanya kazi pale. Bila mikono yao, elimu ile isingetoa hata jiwe moja.

Mwaka 1947 ilitoka almasi ya rangi ya waridi, uzito kama gramu 11. Williamson alimzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa. Yeye mwenyewe hakuoa. Alifariki Mwadui mwaka 1958. Mwaka huo huo serikali ya Tanganyika na kampuni ya De Beers waliununua mgodi, nusu kwa nusu.