Naftali Temu na Deni Letu kwa Jirani

Kila mwaka msimu wa riadha wa shule za sekondari unapowadia, mji wetu wa Isiolo huingiwa na joto ambalo si la jua peke yake. Sisi walimu tunalifahamu vyema. Vijana wetu warudipo kutoka mashindano ya kanda ya Mashariki, wazee hawawaulizi kama wamekimbia vizuri. Huwauliza kama wamewashinda wa Meru. Nami sina shaka kwamba ng'ambo ya pili wazee wa Meru huwauliza wana wao swali lilo hilo kutuhusu sisi. Mji wetu umekaa ukingoni mwa mpaka wa kaunti hizi mbili, na mpaka wenyewe umezozaniwa kwa miaka mingi. Yapo malisho yanayogombewa, ipo mifugo iliyoibwa, wapo waliozikwa. Basi kijana wa miaka kumi na saba anapoingia uwanjani, hubebeshwa mzigo huo wote mgongoni, kisha akaambiwa akimbie.

Sina budi kuanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi hodari wa mbio ndefu. Mpinzani wake mkubwa alikuwa kijana wa shule moja ya upande wa pili wa mpaka, ambaye tayari alikuwa amemshinda mara mbili. Siku moja mwanafunzi wangu alinijia akaniomba ruhusa ya kufanya mazoezi na kijana huyo kila Jumamosi. Walikuwa wamekwisha kuelewana. Nilimkatalia. Nilimweleza kwamba mtu hamnolei adui yake upanga. Alinitii, kwa kuwa alilelewa kuwaheshimu walimu. Mwaka ule alishindwa tena, na safari hiyo aliachwa mbali zaidi. Baada ya hapo hakukimbia tena.

Jambo hilo limenikaa moyoni kama mwiba. Nilipokuwa nikitafuta maneno ya kuwaeleza wanafunzi wangu wa sasa maana ya ushindani, niliyarudia maisha ya mtu ambaye kila Mkenya hana budi kumjua, ingawa wengi wa vijana wetu hawamjui. Mtu huyo ni Naftali Temu, Mkenya wa kwanza kuiletea nchi yetu medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Temu alizaliwa mwaka wa 1945 katika nchi ya Wagusii, sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Nyamira. Nchi hiyo inapakana na nchi ya Wakipsigis, na mpaka huo, kama huu wetu, una historia ndefu ya wizi wa mifugo na kulipizana kisasi. Serikali ya kikoloni ilihimiza michezo katika sehemu kama hizo, ikitumaini kwamba vijana waliozoea kuteka ng'ombe wangemaliza nguvu zao uwanjani. Wakimbiaji walishindana kuanzia ngazi za chini, wilaya ikapambana na wilaya, mkoa na mkoa, hadi kufikia mashindano ya koloni zima. Haja ya mkoloni ilikuwa kutawala kwa urahisi. Lakini wananchi waliupokea mchezo huo wakaufanya wao, wakaupa maana ambayo mtawala hakuikusudia.

Mwaka wa 1954, Temu akiwa mtoto wa miaka tisa, wakimbiaji wawili wa Kenya walipelekwa Uingereza, kisha wakaenda Vancouver nchini Canada kwa michezo ya Jumuiya ya Madola. Mmoja alikuwa Nyandika Maiyoro, Mgusii. Wa pili alikuwa Lazaro Chepkwony, Mnandi. Maiyoro alimaliza wa nne katika mbio za maili tatu huko Vancouver, na ulimwengu ukaanza kuuliza ni watu gani hawa watokao milima ya Kenya. Na utazame, msomaji, jinsi mambo yalivyokwenda. Mgusii na Mkalenjin, ambao nyumbani kila mmoja alifundishwa kumtazama mwenziwe kwa jicho la shaka, walisafiri pamoja na kubeba jina moja. Mbegu ya riadha ya Kenya ilipandwa na majirani waliokuwa wapinzani.

Katika hali hiyo ndimo Temu alimokulia. Alianza kukimbia, kisha akajiunga na jeshi, kama walivyofanya wanariadha wengi wa zama zake. Mwaka wa 1964, akiwa na umri wa miaka 19, alikwenda Tokyo kwa michezo ya Olimpiki. Alikimbia marathoni akamaliza wa 49. Hapana shaka wapo waliodhani kwamba huo ndio ulikuwa upeo wake. Katika michezo iyo hiyo Wilson Kiprugut Chumo, Mkipsigis wa Kericho, alipata shaba katika mita 800, nayo ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Naye Kipchoge Keino, askari polisi kutoka Nandi, alikuwa wa tano katika mita 5,000. Mwaka uliofuata Keino alivunja rekodi za dunia za mita 3,000 na mita 5,000. Jina lake likawa wimbo katika kila kinywa.

Hebu jiweke mahali pa Temu wakati huo. Wewe ni kijana wa Kigusii, umetoka Tokyo ukiwa wa 49, na upande wa pili wa mpaka wametokea watu ambao dunia nzima inawashangilia. Njia zilizokuwa mbele yake zilikuwa mbili. Angeweza kuhusudu na kununa, akasema kwamba wale wanapendelewa. Au angeweza kukifanya kimo cha jirani kuwa kipimo chake mwenyewe. Matendo yake yanatuambia aliifuata njia gani. Mwaka wa 1966, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaica, Temu alikimbia maili sita dhidi ya Ron Clarke wa Australia, bingwa wa rekodi ambaye watu wengi walidhani hashindiki. Temu alimshinda, tena kwa mbali. Katika michezo hiyo Keino alishinda maili moja na maili tatu. Majirani wale wawili waligawana mbio ndefu za uwanjani kama ndugu wanaogawana shamba.

Kisha ukaja mwaka wa 1968 na mji wa Mexico, ulioko kimo cha mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na pumzi ni haba. Tarehe 13 Oktoba, Temu na Keino walisimama kwenye mstari mmoja kukimbia mita 10,000. Keino alikuwa mgonjwa. Kibofu cha nyongo kilikuwa kikimsumbua, na zikiwa zimesalia duru chache maumivu yalimzidi akatoka njiani. Temu alibaki mbele pamoja na Mamo Wolde wa Ethiopia. Katika duru ya mwisho Wolde alichomoka, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Lakini Temu alimwandama, akamfikia katika hatua za mwisho, akampita. Alimaliza kwa dakika 29 na sekunde 27.4, na tofauti kati yao haikufika sekunde moja. Clarke, aliyemaliza wa sita, alianguka chini akalazimika kupewa oksijeni. Hivyo ndivyo Kenya ilivyopata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, miaka mitano tu baada ya Uhuru.

Hakuishia hapo. Siku chache baadaye, katika mita 5,000, Mohammed Gammoudi wa Tunisia alikuwa wa kwanza, Keino wa pili na Temu wa tatu. Mnamo 20 Oktoba, Keino naye alijinyakulia dhahabu katika mita 1,500 kwa kumshinda Jim Ryun wa Marekani. Siku hiyo hiyo Temu alikuwa barabarani akikimbia marathoni, akamaliza wa 19. Amos Biwott alishinda mbio za kuruka viunzi na maji. Timu yetu ilirudi nyumbani na medali tisa: dhahabu tatu, fedha nne na shaba mbili.

Baada ya siku hizo za fahari nyota ya Temu ilififia mapema. Rais Jomo Kenyatta alimtunukia shamba, naye akarejea kwao kuishi maisha ya mkulima. Keino aliendelea kutajwa, na kwa haki, kwa kuwa alifanya mengi ndani na nje ya uwanja. Temu alisahauliwa. Alifariki mwezi wa Machi mwaka wa 2003 kwa saratani ya tezi dume, akiwa na umri wa miaka 57. Nilipowauliza wanafunzi wa darasa langu ni nani aliyeipatia Kenya dhahabu ya kwanza, karibu wote walimtaja Keino. Hakuna hata mmoja aliyemtaja Temu. Sikuwalaumu. Sisi tuliopaswa kuwafundisha ndio wa kulaumiwa.

Najua yupo atakayenipinga kwamba medali haizimi moto wa mpaka. Ni kweli. Mapigano ya mwaka wa 1992 yalifika hadi mpaka huo wa Wagusii na Wakipsigis, miaka 24 baada ya Mexico, na watu waliuawa na nyumba zikateketezwa. Riadha si dawa ya ardhi iliyogombewa, wala si badala ya haki. Anayedhani kwamba mashindano ya shule yataumaliza mzozo wa Isiolo na Meru anajidanganya. Lakini kuna jambo ambalo uwanja unaweza kulifanya na ambalo mikutano ya wakubwa hailiwezi. Uwanja humwonyesha kijana kwamba jirani yake ni mtu wa kupimana naye, mtu atokaye jasho lile lile na kuumwa na mbavu zile zile. Ukimjua mtu kwa namna hiyo, ni vigumu kidogo kumwona kuwa ni mnyama wa kuwindwa.

Mipaka yenyewe, tukumbuke, haikuchorwa na babu zetu. Wilaya zilichorwa na watawala wa kigeni kwa ajili ya kodi na amri, na nyingi ya kaunti zetu 47 zimefuata mistari ya wilaya hizo. Jambo hili si letu peke yetu. Kule Ireland zipo kaunti 32 zilizowekwa na utawala wa Waingereza. Mwaka wa 1884, mjini Thurles, watu wa nchi hiyo waliunda chama cha michezo yao ya asili, yaani kandanda ya Kigaeli na mchezo wa magongo. Kaunti zilizochorwa na mtawala zikawa ndizo timu zinazoshindana. Hadi leo Kerry humenyana na jirani yake Cork, na Kilkenny na jirani yake Tipperary, na wachezaji hawalipwi mshahara wa kucheza. Ushindani wao ni mkali mno. Hata hivyo, bila Cork, Kerry ingejipima na nani? Watu hao waliupokea mstari wa mkoloni wakaugeuza kuwa mahali pa kukutania.

Hapo ndipo ninapoliona kosa langu wazi. Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba mtu hamnolei adui upanga. Nilisahau kwamba upanga uliohitaji kunolewa ulikuwa wetu, na kwamba haunolewi kwa pamba. Kijana yule wa ng'ambo ndiye aliyekuwa kinoo, nami nikakitupa. Nilidhani ninailinda heshima ya Isiolo, kumbe nilikuwa nikimnyima mtoto wa Isiolo mtu wa pekee ambaye angeweza kumfikisha mbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wala bingwa wa mbali hamwamshi kijana saa kumi na moja alfajiri kwenda mazoezini. Amwamshaye ni jirani aliyemshinda juzi.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu, wa pande zote mbili za mpaka, tuyatazame upya maneno tunayowapa vijana kabla ya filimbi kulia. Tusiwatume uwanjani kulipiza yaliyotokea malishoni. Tuwafundishe kumpa mkono aliyewashinda, na kumwuliza anafanyaje mazoezi. Nanyi wanafunzi, mnapomshangilia wa kwanza, msimzomee wa pili kwa sababu ya kaunti aliyotoka. Bila wa pili kumkimbiza, wa kwanza angetembea. Na katika kila shule, jina la Naftali Temu litajwe, hasa hapa kwetu ambako watoto wengi wanadhani ubingwa ni mali ya kabila moja.

Ombi kama lile la zamani limenifikia tena muhula huu. Safari hii limeletwa na msichana wa kidato cha pili, ambaye angependa kufanya mazoezi ya Jumamosi pamoja na msichana mwenziwe wa upande wa Meru. Alisimama mlangoni mwa ofisi yangu, barua mkononi, akiwa na hofu ya kukataliwa. Niliisoma barua yake mara moja tu, nikatia sahihi.